Shati Lililopita Sokoni

Shemeji yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta una afya, umekula, na miguu haijavimba kwa kutembea. Mimi na mwanao tu wazima. Anakusalimu sana na anauliza kama huko uliko wanauza kalamu za rangi zisizovunjika ncha. Nilimwambia kwamba Baba Mdogo hakwenda huko kununua kalamu, akaninunia mpaka alipopitiwa na usingizi.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu nimeizima. Tangu ile video isambae, inalia kama mtoto mwenye homa. Watu nisiowajua wananipongeza kwa mume wangu kupatikana. Mwingine anataka kujua alijiokoaje mtoni. Nilijaribu kuandika chini ya video kwamba mimi ndiye mkewe na bado hajarudi nyumbani. Wakanijibu kwamba mimi ni mke wa bandia, natafuta umaarufu tu. Mmoja akasema mke halisi ameshahojiwa, na ni mnene. Nilicheka, shemeji. Sikuwa nimecheka tangu maji yalipobeba daraja, na gari la kupeleka mashuka hotelini, na kaka yako ndani yake.

Sikulaumu kwa kuamini. Niliamini kabla yako. Sisi watu wa dobi tunawajua watu kwa nguo zao. Kaka yako alikuwa akikutana na mteja barabarani anaitambua suruali kwanza, ndipo anahangaika kukumbuka mwenyewe ni nani. Na lile shati la bluu la kwenye video ni lenyewe, wala si linalofanana nalo. Kifungo cha chini ni cha njano, nilikishona mimi baada ya kile cha awali kuyeyuka chini ya pasi. Ndilo alilovaa katika picha uliyoiweka mtandaoni ukiomba atakayemwona atujulishe. Basi mtu akamwona mwanamume mwenye shati hilo akipita sokoni katika mji huo uliomo, akamrekodi mpaka alipokunja kona, akaandika juu yake AMEPATIKANA, YU HAI. Hakumwita. Hakumuuliza hata jina.

Nimeitazama mara nyingi, nimekaa uani katikati ya mashuka yaliyoanikwa, jua likipenya na kufanya kila kitu kiwe cheupe. Anatembea polepole kati ya watu, kifungo kinamulika kidogo, uso hauonekani vizuri kwa kivuli cha kofia, kisha kona inammeza. Nikigusa kioo, anarudi mwanzo wa njia na kuanza kutembea tena. Ndani, mvuke ukijaa, mashati yaliyotundikwa yalikuwa yakigeuka taratibu, kana kwamba nayo yamesikia hatua zake. Nikawa najiambia kwamba ipo siku atasahau kukunja ile kona, atasimama na kuniangalia.

Shemeji, jana lile shati liliingia dukani.

Lililetwa na fundi wa saa, yule mrefu anayeinama kwenye kila mlango hata usiomgusa kichwa. Aliliweka juu ya meza pamoja na soksi zake, akaomba nimtolee doa la mafuta kwenye kola. Nilishika kile kifungo. Nikamuuliza amelipata wapi. Akashangaa. Akasema ni lake, aliliacha kwetu alipougua, na alipokuja kulidai alimkuta kaka yako amelivaa. Kaka yako akajitazama kifuani, akamwambia eti shati lilikuwa linaona upweke kabatini, akamwomba radhi huku anacheka mpaka akashika meza. Akalivua palepale, akabaki na fulana yenye tundu begani, akalifua na kulipiga pasi mwenyewe. Mimi siku hizo nilikuwa kwa mama, nikimuuguza, na sikusimuliwa; siku zote nilidhani ni shati la kaka yako. Baadaye ndipo mto ukafurika.

Fundi simu yake ni ya vitufe. Hajui kwamba watu wote hao wamemtazama. Aliniambia amerudi juzi kutoka huko huko uliko, alikokwenda kutafuta vipuri sokoni.

Kwa hiyo huyo unayemtafuta mtaa kwa mtaa, ukiwaonyesha wauza mboga simu yako, ni fundi wa saa. Kaka yako hayuko huko. Nimeiandika sentensi hiyo polepole, nikiomba ikufikie ukiwa umekaa.

Ulituambia tusimlilie mtu aliye hai, nasi tukakutii. Sasa rudi. Bosi wako wa karakana alipita hapa, akasema nafasi yako anaishikilia kwa meno, ila meno yanachoka.

Mwanao nilimweleza leo asubuhi. Akauliza kama fundi anaweza kuja kutusimulia tena pale Baba alipovua shati. Nimemwomba aje Jumapili. Njoo nawe. Ukifika usinionyeshe simu. Kaa kati yetu utusimulie jinsi kaka yako alivyokuwa utotoni, maana hayo uliyaona kwa macho yako. Halafu tutamlilia pamoja.

Mfikishie salamu mama anayekupa kitanda huko, umwambie namshukuru sana. Safiri salama, na ule njiani.

Ni mimi nikungojaye,
Shemeji yako wa dukani