Masikini Wachamorro

Jumapili, 2 Februari 2025

Ruba karudi kutoka skuli (huku kwa Waarabu Jumapili ni siku ya masomo) na msiba wa watu wa mbali. Mwalimu kawagawia lugha ndogo zinazomezwa na dunia, na binti yangu kaangukiwa na Kichamorro — cha kisiwa cha Guam, huko Pasifiki. Kanisimulia jikoni, kwa Kiingereza, machozi yanamlenga. Eti walikuja Wahispania, wakaja Wamarekani, ikaja televisheni, ikaja intaneti. Hata kuhesabu wanahesabu kwa Kihispania! Watoto wanawaelewa bibi zao, lakini wanawajibu kwa Kiingereza.

Mama yangu alikuwa pale pale mezani, anachambua choroko. Kamuuliza mjukuu wake kama keshakula. "Yes, Bibi," kajibu Ruba, akaendelea kuwalilia Wachamorro.

Nilipaliwa na chai.

Jumatatu, 3 Februari

Nimemweleza Mama habari za Guam. Wala hakushtuka. Kasema sisi je — sita, saba na tisa tumezitoa wapi kama si kwa Waarabu? Kuazima hakujamuua mtu. Akadai kahawa yake.

Jumatano, 5 Februari

Makubwa! Mama anahama. Keshokutwa kaka yangu Saeed anakuja kumchukua, akakae kwake Yiti, nje ya mji, moja kwa moja. Nimemuuliza kosa langu nini. Kasema sina kosa, ila mimi narudi kutoka kazini magharibi, na Ruba akirudi kutoka skuli ni salamu tu, kisha mlango wa chumba chake. Kwa Saeed yuko Dorothy, mpishi, Mkenya. Mama huyu huyu anayemcheka Dorothy kwa Kiswahili chake!

"Anasema kama anagomba," kaniambia, "lakini ananijibu."

Imeniuma. Mtaa wote huu wa Hail, nyumba yote hii, na mama yangu anamkimbilia mpishi wa watu apate mazungumzo. Nimelia bafuni, nikanawa uso, nikamwambia Ruba kila kitu. Kisha kasema ana dawa.

Alhamisi, 6 Februari

Dawa yenyewe — simu! Ina programu inayosema Kiswahili. Ruba kaiweka mapajani mwa bibi yake, ikamwamkia kwa Kiswahili kilichonyooka mno, utadhani msoma habari. Mama kaijaribu: boko boko la ngano na nyama linapikwaje? Ikajibu. Akaisahihisha. Ikaomba radhi! Mama kacheka mpaka ushungi ukamdondoka. Ruba ananiangalia kama mtu aliyeiokoa Guam nzima peke yake, na mimi, Mungu anisamehe, nimeanza kutumaini.

Ijumaa, 7 Februari

Baada ya sala. Saeed yuko nje, gari linanguruma, mkoba wa Mama uko mlangoni. Mwenyewe hajainuka, anazungumza na simu. Sasa kafika pale sisi wa Unguja tunapofika na kila mgeni kabla ya kikombe cha pili. Wewe mtoto wa nani? Wa mtaa wa Malindi au wa Vuga? Mama yako nnamjua?

Simu ikasema, kwa adabu zake zote, kwamba haina wazazi.

Mama kaipangusa simu kwa ncha ya kanga, akamrudishia Ruba. "Yatima," kasema. "N'tazungumza naye nini, hana watu?" Halafu kamkazia macho mjukuu wake. "Na wewe? Mtoto wa nani?"

Ruba kanitazama. Nimeuma ulimi. Kaitazama simu, kaigeuza kifudifudi juu ya meza.

"Mimi... mtoto wa Kheiria," kasema. "Bibi yangu... wewe." Hapo kasita, uso umemwiva, vidole vinatafuta neno hewani. "Na wewe, Bibi... wewe..."

Sikuweza kustahimili. Nimekimbilia chumbani, eti nachukua dawa za Mama, naandika haya nimesimama. Honi ya Saeed. Honi tena. Na sauti ya Mama kutoka sebuleni:

"Kheiria, mwambie Saeed azime gari. Mtoto ananiuliza."