Chumvi Niliyomsingizia Bi Mwanakhamis

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Alhamisi, kwa sababu siku hiyo ripoti yetu itasomwa mbele ya wageni na ndani yake mna uongo wangu.

Mimi ni mtafiti katika maabara ya chuo. Tunachunguza injini za tabini, zile zinazosukuma ndege na kuzalisha umeme, tukitaka kujua kama mafuta ya kupikia yaliyokwisha kutumika yanaweza kusafishwa na kuchomwa humo bila kuharibu utando unaopakwa kwenye mapanga yake ili yastahimili moto. Mafuta hayo nilikuwa nikiyachukua kwa Bi Mwanakhamis, jirani yetu hapa Mji wa Kale, anayeuza viazi karai na bajia barazani kwake, na aliyekuwa akiwaambia wateja kwamba karai lake litarusha ndege. Siku moja mfereji ulikuwa mkavu, nami nikasuuza madumu kwa maji ya kisima chetu, ambayo kila mtoto wa mtaa huu anajua yana chumvi, nikamimina mafuta humo bila kungoja madumu yakauke, na baada ya majaribio ya wiki tatu utando ukabanduka, vipimo vikaonyesha chumvi, na msimamizi wangu, Daktari Kioko, akaniuliza mbele ya wenzangu, "Chumvi hii imetoka wapi?" nami nikajibu kabla sijafikiri, "Ni yule mama wa bajia, mkono wake mzito wa chumvi."

Mafuta yake yakakataliwa, na mimi ndiye niliyetumwa kumwambia. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Kumbe ni mimi niliyewaharibia ndege, mwanangu?"

Tangu siku hiyo hatii chumvi kwenye unga wake wa dengu. Wateja wanamcheka: "Bi Mwanakhamis, leo umewapikia wagonjwa wa presha?" Naye anawajibu, "Wasomi wamesema nazidisha."

Nilikuwa na chupa ya mafuta niliyoyachota moja kwa moja kwenye karai lake. Nimeyapima peke yangu. Hayana chumvi. Karatasi ya majibu iko kwenye droo yangu, na mimi siku hizi napita uchochoro wa nyuma nisionane naye. Nikisema, huenda nikaondolewa kwenye utafiti. Nikinyamaza, sijui nitaishi vipi na nafsi yangu. Nifanye nini?

Z., Mji wa Kale

*

Mwanangu,

Pole, lakini sitalia nawe. Kusuuza dumu kwa maji ya kisima ni kosa la mtu mwenye haraka. Mimi mwenyewe nimewahi kuwaharibia wageni chai kwa maji ya chumvi kama hayo. Kumsingizia mama wa watu ni jambo jingine. Na kuwa na karatasi ya kumsafisha ukaifungia kwenye droo, hilo ndilo baya kuliko yote. Unaniandikia mimi nisiyekujua, na yeye yuko milango michache tu kutoka kwako!

Ripoti ikisomwa ilivyo, mafuta mazuri yatabaki yamekataliwa kwa sababu ya kisima chenu. Na umegundua jambo la maana: chumvi kidogo ya dumu yatosha kubandua utando. Liandikwe kama lilivyotokea.

Leo asubuhi mpelekee Daktari Kioko karatasi na chupa. Usimwambie "kulitokea hitilafu." Mwambie, "Nilisuuza mimi, na nikamsingizia mtu." Akikuondoa, ondoka.

Jioni nenda kwa Bi Mwanakhamis, kwa njia kubwa, wateja wakiwa wameketi, maana hapo ndipo alipochekwa. Usibebe zawadi, utamlazimisha akushukuru. Usilie, utamlazimisha akubembeleze. Sema, kisha nyamaza, na akikasirika mwache akasirike mpaka amalize.

Na usiondoke barazani pale mpaka umwone kwa macho yako akitia chumvi kwenye unga.