Mashoto Wetu na Mchoro wa Kila Jioni

Mwaka umetimia, dada yetu Mashoto, tangu asubuhi ile ulipoanguka kwenye ngazi za kazini na usiinuke tena. Ninayekuandikia kwa niaba ya familia ni mimi mdogo wako, fundi bomba, na leo nitasema yote maana kifua kimejaa.

Ulikuwa mtu wa watu. Pale mapokezi, kwa daktari wa meno, mgonjwa aliyetetemeka ulimchora nyuma ya fomu iliyoharibika, ukampa, naye akasahau jino. Hukusomea kuchora. Ulianza na penseli, kisha ukahamia kwenye kile kishikwambi chenye ufa, na kalamu yake uliyokuwa ukiitafuna kama mtoto wa chekechea. Ukiitwa msanii, ulicheka: "Msanii wapi! Namaliza chaji tu."

Mama alipopooza miguu, ulihamia kwake. Kila siku ulichora vitu vitatu vinne ambavyo hakuweza tena kwenda kuviona: foleni ya benki, jirani wa chini akigombana na kufuli. Jioni ulimwonyesha mchoro mmoja tu, ule uliokuridhisha.

Ulipofariki, daktari wa mama alituonya kwamba moyo wake hautahimili mshtuko. Dada mkubwa, mwalimu, akasema, "Tumwambie mama kwamba Mashoto amepata kazi mbali. Kwa muda tu, mpaka apate nguvu." Siku ya mazishi tukaaga tunaenda harusini. Tuliporudi, macho mekundu, mama, aliyekaa kwenye cherehani miaka arobaini, akauliza gauni la bibi harusi lilishonwaje. Dada akasimama pale akibuni mikono na marinda, mimi nikakimbilia jikoni.

Tulijifunga wenyewe. Waliokuja kutupa pole tuliwapokelea ngazini. Tulinong'ona ndani ya nyumba yetu. Kila jioni nilimfungulia mama, kwenye simu yangu, mmoja wa michoro ambayo hukuwahi kumwonyesha: "Huu ametuma leo, kupiga bado mtandao hauruhusu." Baada ya miezi mitano ikaisha. Kusema ukweli tukashindwa, kunyamaza tukashindwa. Nikashika kalamu yako.

Dada, mkono huu umezoea spana. Nilichora birika, likatoka kama bata. Nilifuta, nikarudia, nikaweka kivuli kwa vimistari vyembamba kama ulivyofanya wewe. Mama aliutazama mchoro muda mrefu, akasema, "Mwambie ahsante." Nilifurahi kwamba tumefaulu, na nikajichukia. Kesho yake nikachora kijiko.

Wiki iliyopita nilikuwa mezani nikiandika tangazo hili la kumbukumbu yako kwa kujificha. Mama akaniita.

"Leo usichore."

"Nichore mimi, mama? Mashoto ndiye..."

"Mwanangu, vivuli vya Mashoto vililala hivi," akasema, akiburuta kidole kwenye shuka kutoka kushoto juu hadi kulia chini. "Vyako vimelala upande wa pili. Huo ni mkono wa kulia. Nimekagua mishono maisha yangu yote, unadhani sioni? Nimejua tangu lile birika. Angekuwa hai asingekuachia kalamu yake."

Nilikosa pa kujificha. Nikamuuliza kwa nini alinyamaza miezi yote saba.

"Mlikuwa mnajitahidi sana. Halafu nikaona, siku mtakayoacha kuniletea, ndiyo amekufa kweli."

Dada mkubwa akaja kutoka jikoni na mikono ya sabuni. Tulilia wote watatu mpaka jirani wa chini akapanda kuuliza kuna nini, na kwa mara ya kwanza tukamkaribisha ndani.

Mama aliuliza ulizikwa wapi, na kama kuna kivuli. Kisha akataka nimsomee tangazo. Alisikiliza hadi kwenye majina ya wanaokukumbuka, akaninyamazisha kwa mkono.

"Mbona mimi simo?"

Nilikuwa nimetuandika wote, yeye nimemruka.

"Niandike wa kwanza," akasema. "Nimemzaa mimi."

Wanaokukumbuka ni mama yako, aliyekulilia peke yake miezi saba, sisi tukiwa chumba cha pili; dada yako mkubwa na shemeji; na mimi mdogo wako. Hutatutoka moyoni siku zote za maisha yetu.