Benchi la Verandani

Jumamosi jioni. Baridi ya Julai imeingia Thika na haitaki kutoka. Vidole vimekufa ganzi, hata sindano ya kutobolea nukta nundu inaniteleza kwenye karatasi. Lakini nitaandika tu. Nina hasira, na nina furaha.

Leo makumbusho madogo ya Ruiru yamefunguliwa, ya Bwana mmoja Mzungu mwenye shamba la kahawa. Sisi wa shule ya vipofu tuliitwa tuimbe. Ah, sisi ndio wa kuimba siku zote! Mgeni akija, vipofu waimbe. Wakimaliza wapewe chai, wapandishwe lori.

Safari hii nilikuwa na sababu yangu ya kwenda. Mwezi uliopita Bwana alileta shuleni mashine ya kunasa sauti ili anase kwaya yetu. Nikamwomba tunase na habari za vitu vya makumbusho yake, asiyeona naye apate kuvitembelea. Akakubali, akavileta shuleni. Mwalimu Kamau, ambaye anaona, alinipa kitu kimoja kimoja mkononi, nami nikakieleza jinsi mkono unavyokijua: kinu, kibuyu cha maziwa, njuga za miguu za wachezaji. Njuga nilizitikisa mpaka Kamau akacheka. Sauti kwenye ukanda ni yangu.

Basi leo tukashuka kwenye lori, askari wa getini akatukagua kama kawaida ya siku hizi za Hali ya Hatari, na Bwana akatupeleka moja kwa moja verandani. Benchi. Blanketi. Mashine mezani.

"Nyinyi kaa hapa, sikia vizuri. Ndani iko watu mingi, tavunja kitu."

Yaani kazi yangu mwenyewe ndiyo imekuwa sababu ya kutuacha nje!

Nikasikia viatu vya wageni vikipita kuingia. Mmoja akasema, "Maskini." Nikajihisi kuwaka mwili mzima. Bwana alipopiga makofi kwaya ianze, nikasema kwa sauti ya kusikika: leo hakuna wimbo. Hatuimbi mpaka mashine iingie ndani, na sisi nyuma yake.

"Ngai! Rasoa, dada yangu, tutafukuzwa," Kamau akaninong'oneza.

"Tufukuzwe basi."

Hakuna aliyeimba. Hata Esta, ambaye huimba mpaka usingizini, alifunga mdomo. Wageni wakaanza kukohoa. Niliogopa, sitasema uongo. Unga tunaokula shuleni unatoka kwa watu hao hao.

Mwishowe Bwana akasema, "Haya, ingia. Lakini hapana shika kitu!"

Kamau akabeba mashine, sisi nyuma tumeshikana mabega. Akaiweka kando ya meza ya njuga, akaiwasha, na sauti yangu ikajaa chumba mbele ya wakubwa wote: "Hizi ni njuga. Nyoosha mkono. Usiogope, haziumi. Zitikise."

Bwana alikuwa amesimama karibu yangu. Nilimsikia akipumua.

Nikanyoosha mkono, nikazitikisa. Kisha nikampa Esta. Esta akampa wa nyuma yake, na hakuna mtu aliyethubutu kutuambia tuache.

Jumatatu huenda nikaitwa ofisini. Niitwe. Jumamosi ijayo tunarudi Ruiru, na hatuendi kuimba; tunakwenda kushika vitu vilivyobaki.