Kibwagizo cha Dada

Jumanne, 4 Machi

Leo naanza daftari hili, na naahidi kuandika yote, hata ya aibu. Hasa ya aibu.

Mwalimu wa piano amenipa muziki mpya, usio na maneno. Aliyeutunga alifariki zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Mwalimu anasema niupige kama mtu aliyebeba maji asiyetaka kumwaga hata tone. Nyumbani nikawa nauimba puani huku vidole vikicheza mezani. Dada akatoka chumbani na kichupa cha rangi ya kucha — akaudaka kwa maneno! “Rudi, nimekuwashia taa...” Kumbe ni ule wimbo unaopigwa kutwa nzima saluni kwao.

Nikamwambia wimbo wake umechukuliwa kwa marehemu. Akasema marehemu ndiye aliyemwibia yeye!

Alhamisi, 6 Machi

Dada alipotoka kazini alinipitia shuleni. Tukafunga mlango wa chumba cha muziki. Mimi napiga, yeye anaimba. Mara ya tano mkono wangu wa kushoto ukaanza kurukaruka wenyewe. Tamu ajabu!

Ila nimegundua jambo. Pale ambapo Marehemu anashuka taratibu, wimbo wa Dada unapanda. Nisije nikachanganya! Jumamosi ni mchujo. Nafasi ya piano kwenye tamasha la shule ni moja, na tunaoitaka ni wawili: mimi na mwenzangu tunayemwita Vidole. Vidole hakosei. Hata akipiga chafya hakosei.

Jumamosi, 8 Machi

Nimechanganya.

Ukurasa wa pili. Marehemu akashuka, mimi nikapanda. Nikajikuta ndani ya kibwagizo cha Dada, mzima mzima, mkono wa kushoto unaruka. Mwalimu wa hesabu, aliyeitwa kushika saa tu, akaanza kugonga meza kwa kalamu. Vidole akaziba mdomo. Nikazunguka mara mbili nikitafuta pa kutokea, ndipo nikarudi kwa Marehemu na kumaliza polepole.



Mwalimu wa piano akauliza njia ile nimeonyeshwa na nani. Ningeweza kusema nilipotea tu. Nikasema: Dada yangu, Mwalimu. Yuko saluni.

Akavua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko uchafu wake.

Jumatatu, 10 Machi

Daftari la mazoezi limerudi. Mwalimu huandika humo kwa wino mwekundu, nami hujibu chini yake. Leo ni mstari mmoja: “Jumatano saa kumi. Njoo na dada yako.”

Basi! Habari za mchujo, hakuna. Nimemuuliza Vidole, naye hajaambiwa kitu.

Dada anasema kama anaitwa kugombezwa, atagombezwa akiwa amependeza. Sasa yuko mbele ya kioo, eti anasafisha koo. Kwa kibwagizo!

Nimeandika chini ya wino mwekundu, kwa mwandiko wangu mzuri kabisa:

“Shikamoo Mwalimu. Dada aje kujieleza, au aje kuimba? Naomba unijibu kesho kabla ya kengele ya kwanza, maana ameshachagua gauni.”