Divai ya Miaka Saba kwa Mzee Reverien

Kijiji cha Nyakitonto,
Kasulu, Kigoma.
22 Agosti 1976

Mpendwa mdogo wangu Felisiani,

Baridi ya huko Ufaransa imekwisha, na kile kifua kimepona? Sisi hatujambo. Mama naye magoti yanamruhusu kwenda kanisani na kurudi bila fimbo. Kaa kitako usome, maana dada yako leo hashikiki.

Chupa yako ya divai ilifika salama. Yule padre uliyemkabidhi aliipakata kwenye treni mpaka Kigoma, na kwenye basi la Kasulu akaipakata tena.

Nilikuandikia jinsi tulivyoaibika mwaka jana. Tulipeleka pombe ya ndizi kwa Mzee Reverien, kumposea Pasikali wangu binti yake Immakulata, kumbe pombe haijaiva, inachemka bado. Mzee alionja, akaufunika mtungi, akaturudishia, na posa ikarudi nao. Mwanangu alikonda mwaka mzima. Safari hii mzee alitupa nafasi ya mwisho, akaapa hakuna nyingine.

Maagizo yako niliyafuata yote. Siku tatu chupa ilisimama wima bila kuguswa. Jana alfajiri niliitia kwenye mtungi wa maji ya chemchemi ipoe, nikaubeba mwenyewe kichwani, kwa kuwa vijana wa siku hizi hutembea kama wanacheza ngoma. Bilauri nyembamba za chai niliziomba kwa Siti, mke wa Omary mwenye duka mjini. Alipojua ni za divai alicheka, akasema basi zimeshakuwa zangu, nisizirudishe.

Mbele ya wakwe nikaiinamisha chupa, nikakishika kizibo kwa kitambaa na kuizungusha chupa yenyewe taratibu. Kizibo kilitoka kwa pumzi ndogo tu. Nikaonja kwanza kama mila inavyotaka, kisha nikampa mzee nusu bilauri.

Ndugu yangu, mzee akayatazama yale mapovu yanavyopanda, akaiweka bilauri chini.

"Mama Pasikali, mmeniletea tena pombe inayochemka?"

Pasikali akainamisha kichwa. Wewe hukuniambia, na mimi sikufikiri, kwamba kwetu povu ni dalili ya pombe mbichi.

Nikajikaza. "Mzee, hii imeiva mara mbili. Mara ya kwanza kwenye pipa, ya pili humu chupani, ikafungiwa na pumzi yake. Imelala gizani miaka saba juu ya chachu yake, mpaka sukari yote imekwisha. Nusa kwanza."

Akanusa muda mrefu. Akasema inanukia mkate wa misheni ukitoka jikoni. Nikamsogezea karanga za chumvi na migebuka ya kukaanga, nikamwambia atafune kwanza, halafu anywe kidogo kidogo. Sikufichi, mimi nilipoonja nusura nikunje uso, nimezoea divai tamu. Hii ni kavu kabisa, ila juu ya samaki inausafisha mdomo hata unatamani tena.

Mzee akanywa, akafumba macho, akanyoosha bilauri iongezwe.

"Hii haimbembelezi mtu," alisema.

Akampa mkewe Esteri ile chupa aiingize ndani. Unajua mwenyewe: chombo kisiporudi, posa imekubaliwa. Esteri alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Wale waliotucheka mwaka jana walikuja pia, nikawapa harufu tu. Harusi ni tarehe 25 Septemba.

Mama anakusalimu, na mume wangu Kipriani, na Pasikali, ambaye tangu jana anakula kama mtu. Mungu akufunike baridi ikirudi, akurudishe kwetu mzima na masomo yako.

Immakulata naye anakusalimu. Alinisindikiza jana mpaka njiani, akaniaga, "Kwaheri, mama." Nilijifanya sikusikia ili aliseme tena neno hilo. Akalisema.

Dada yako akupendaye sana,
Winifrida