Yaya, Sikumngoja Mjomba

Yaya Odette,

Dada yangu mkubwa, wamenikata. Usishtuke huko uliko. Ni kipande kidogo tu, kama punje ya mchele, wamekitoa kwenye mlango wa kizazi wakakipeleka kupimwa. Nililia kidogo, nikafuta machozi, nikarudi nyumbani Katuba. Jioni nilisonga bukari kama kawaida. Hicho ndicho ulichokiogopa, yaya. Hicho tu!

Nimekukasirikia, acha niseme. Wewe fundi wa kushona, uliyetia mkasi kwenye vikwembe, vitenge vya harusi vya watu, bila kusita, ulipoambiwa kipimo chako si cha kawaida na lazima wachukue kipande, ulirudi nyumbani ukasema, "Tungoye kwanza mujomba." Najua, kwetu mwanamke hakatwi mwili kabla kaka wa mama hajatoa neno. Na mjomba alikuwa Kongolo, akingoja treni, na treni ikingoja injini. Mama mdogo naye akatia chumvi: "Chuma ikigusa kule, bugonjwa inaamuka." Kwani huo ugonjwa ulikuwa umelala lini? Ulikuwa kazini, sisi tunapanga kikao. Mjomba alikuja kweli, lakini kwenye matanga yako.

Basi kanisani walipotangaza kipimo cha wanawake, nilikwenda. Muuguzi alipaka siki kwenye mlango wa kizazi, akasubiri, akaona doa jeupe. "Anormal," akasema, yaani si kawaida. Nikakuona wewe kitandani, umekonda. Yule muuguzi akanishika bega: "Anormal haiko kansa, mama. Inasema tu tuangalie muzuri." Kumbe kipimo cha kwanza ni mtu anayebisha hodi, kile kipande ndicho kinachokuambia ni nani. Kwa nini wewe hukuambiwa hivyo? Au uliambiwa, na sisi ndugu tukapiga kelele zaidi?

Nyumbani ikawa ngoma ileile. Mama mdogo alishika simu, mjomba akasema, "Mungoye, niko nakuya." Nimechoka na kungoja, yaya. Nimechoka mpaka basi. Asubuhi nilijifunga kikwembe chako cha kijani nikaenda peke yangu kukatwa kile kipande.

Majibu yametoka: chembe za mwili pale zimeanza kubadilika, bado si kansa. Juma lijalo wataondoa sehemu ile, halafu nitarudi kuangaliwa kila watakaponiita. Nilimpigia mjomba nikamweleza yote, nikiwa tayari kwa matusi. Matusi hayakuja. Aliuliza tu, taratibu kabisa: "Na Odette? Yeye pia bangemuponyesha?"

Hakuna anayejua ugonjwa wako ulikuwa umefika wapi siku ile, kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kuangalia. Hilo ndilo linaloniuma. Nakaa kwenye mashine yako kushona, linanijia, nashona upande mbaya, nafumua, naanza tena.

Pumzika sasa, yaya wangu. Hasira zangu usizibebe, ni za mtu anayekukumbuka. Binti yako Grace ameshanizidi urefu, na anacheka kama wewe, mdomo wazi. Umri wake wa kupimwa ukifika, nitampeleka mimi mwenyewe, na wakitaka kipande, watachukua kipande. Mjomba tutampigia tukisharudi nyumbani.

Mdogo wako,
Clarisse